Kilele cha Meneja

Jumatatu, 3 Machi

Leo tumegawiwa fomu. Si ya likizo, si ya viatu vya mpira tulivyoahidiwa tangu mwaka juzi. Fomu ya furaha! Juu imeandikwa KILELE CHANGU KAZINI, chini kuna mistari mitatu. Miaka tisa na ushee nimesimama mbele ya pasi ya mvuke, nanyoosha mashuka ya watu nisiowajua — mistari mitatu.

Afisa Utumishi, tunayemwita Dada Fomu, alipanda juu ya kreti la sabuni akatueleza. Kampuni yetu ya kufulia inatimiza miaka ishirini na mitano. Jumamosi ya wiki ijayo kuna sherehe. Wataalamu wamechunguza, wakagundua kwamba mfanyakazi hakumbuki siku zote za kazi, anakumbuka siku chache tu: siku aliyotambuliwa, siku aliyoaminiwa, siku aliyofanya jambo gumu pamoja na wenzake. Kwa hiyo kila mtu aandike siku yake.

Mama Mapacha wa chumba cha kukunja akauliza kama siku ya kuumwa mgongo nayo inahesabika. Dada Fomu akasema tuwe chanya. Mashine ya kukausha ikaanza kunguruma, hotuba ikafia hapo.

Jumanne, 4 Machi

Saa ya chakula tumesomeana vilele. Nimevunjika mbavu.

Mama Mapacha: siku umeme ulipokatika nusu saa akaketi. Basi. Kaandika kwa herufi kubwa, NILIKETI.

Dereva wa gari la mashuka: siku Meneja alipomwita kwa jina mbele ya wageni. Lilikuwa jina la dereva aliyemtangulia, lakini aliitika, na tangu siku hiyo anaitika.

Mlinzi wa getini kaandika: "Siku niliyofuata utaratibu." Tukamwomba aeleze. Akasema mwenye kuelewa ameelewa, akaendelea na chai yake. Sisi wa zamani tulielewa! Mama Mapacha ilibidi afunike uso kwa foronya.

Fomu yangu ni tupu. Niliandika "siku niliyoajiriwa", nikafuta. Niliandika "siku niliyothibitishwa kazini", nikafuta haraka zaidi. Hiyo ya pili inanichoma na nitasema kwa nini, lakini si leo. Kengele imelia.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeitwa ofisini. Ofisi ya Meneja ina zulia jipya na feni mbili, moja yake, moja ya ua lake la plastiki.

Akaniambia niketi. (Mama Mapacha angeandika!) Dada Fomu alikuwepo, kalamu mkononi. Kumbe kilele cha kampuni kimeshachaguliwa, fomu zetu ni za kupamba ukuta. Kilele chenyewe ni ile Alhamisi boila, mtambo wetu wa mvuke, ilipokaribia kupasuka. Meneja atasimulia jukwaani jinsi alivyookoa kiwanda na roho za watu arobaini. Anahitaji shahidi wa kumtangulia, mtu wa chini, mwenye sura ya ukweli. Mimi.

Akaanza kunisimulia mimi — mimi! — niliyekuwa hatua kumi kutoka pale. Kwamba mshale wa presha ulikuwa kwenye nyekundu. Kwamba mhudumu wa boila alikuwa ameshakimbia. Kwamba yeye, bila kujali nafsi yake, aliingia kwenye mvuke, akashika gurudumu la koki ya kupumulia, ile ya kutolea mvuke uliozidi, na kulizungusha kushoto kwa nguvu zake zote. Akaonyesha kwa mikono. Kushoto, kushoto, kushoto. Hata shati lilichomoka kwenye suruali.

Dada Fomu aliandika "kushoto" akapiga mstari chini yake.

Kisha Meneja akasema nafasi ya msimamizi wa chumba cha pasi iko wazi, na barua inaweza kutoka siku ileile ya sherehe. Nikasema, "Ndiyo, Meneja." Mdomo huu huu unaowacheka wenzangu ndio uliosema ndiyo, Meneja.

Ijumaa, 7 Machi

Basi niandike ilivyokuwa, maana kama hata daftari langu mwenyewe naliogopa, nimekwisha.

Mhudumu wa boila alikuwa kaka yangu. Baba mmoja, mama mmoja. Ndiye aliyeniingiza kazini hapa.

Boila ile ilikuwa kuukuu. Koki yake ya kupumulia ilikuwa imetolewa kwenye mtambo mwingine, na nyuzi zake za skrubu zilichongwa kinyume. Bomba la jikoni unazungusha kushoto likafunguka, sivyo? Ile ilifunguka kwa kuzungusha kulia. Ukiipeleka kushoto unaikaza zaidi, na mvuke unazidi kukosa pa kutokea. Kila aliyefanya kazi upande ule alilijua hilo siku ya kwanza. Kaka alikuwa ameandika kwa chaki ukutani: KULIA NDIYO KUFUNGUA. Meneja hakuwahi kuingia mle. Alisema kunaharibu viatu.

Alhamisi ile mshale ulipanda tangu asubuhi. Kaka alikwenda mara mbili kuomba tuzime. Mara mbili akaambiwa kuna mashuka ya hoteli, aendelee. Mara ya tatu hakuomba. Alizima moto, akalishika gurudumu lile la moto kwa mikono mitupu, akalipeleka kulia. Mvuke ulitoka ukapiga ukuta, ukamrudia. Mkono wake wa kulia uliungua mpaka kwenye kiwiko. Hakuachia mpaka koki ilipokuwa wazi yote.

Na Meneja? Alikuwa ndani ya gari lake getini, vioo juu, anapiga honi. Mlinzi alikataa kufungua kwa sababu gari haliruhusiwi kutoka bila kibali chenye sahihi ya Meneja. Meneja akasema mimi ndiye Meneja! Mlinzi akasema basi andika kibali. Hakuwa na kalamu.

Ua wote ulikuwa mweupe kwa mvuke. Tulikuwa arobaini, tumelowa, tunakohoa, tunashikana mabega kuhesabiana. Tulipoona tumetimia, Mama Mapacha akaanza kucheka, na sote tukacheka, tukalia, tukacheka tena. Sijawahi kuwapenda watu wa kazini kama saa ile. Kama nina kilele, ndicho hicho.

Kaka akapelekwa kufungwa bandeji. Alirudi baada ya wiki mbili akakuta barua: ameachishwa kazi kwa kuacha kituo chake wakati wa hatari. Mkaguzi wa mitambo aliyekuja alikuwa ameandika kwamba aliyefungua koki ndiye aliyeokoa jengo, na kwenye nafasi ya jina Meneja alijaza la kwake.

Tulikubaliana kusema. Kila mmoja akamsubiri mwenzake. Mimi nilikuwa na miezi mitano kazini, bado kwenye majaribio, mtoto mgongoni. Nilinyamaza. Mwezi uliofuata nikathibitishwa. Ndiyo maana niliufuta ule mstari.

Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda kwa kaka. Anatengeneza majiko ya mafuta nje ya nyumba yake, wifi anauza tambi za kukaanga dirishani. Miaka yote hii hakuna kiwanda kilichomchukua. Wanamsifu vizuri, kisha wanapiga simu kwa Meneja, kisha hawapigi tena kwake.

Nikamweleza habari ya jukwaa. Nilipofika kwenye kushoto, kaka aliacha bisibisi akacheka mpaka akaketi chini.

"Kushoto! Sasa mdogo wangu, angepeleka kushoto si mngekuwa marehemu wote?"

Wifi alicheka pia, kisha akasema, "Mwambie na la hospitali." Kaka akatazama jiko lake.

Hospitali kubwa inatafuta mhudumu wa boila. Kaka ameomba. Amefanyiwa majaribio ya vitendo, amewashinda vijana sita. Kwenye fomu yao kulikuwa na swali: eleza tukio moja la kazini unalojivunia. Hata wao! Akaandika ile Alhamisi, akaeleza na nyuzi za kinyume, na kwamba alifungua kulia. Kilichobaki ni barua ya mwajiri wa zamani. Mwisho wa mwezi wanafunga nafasi.

"Sikuombi kitu," akaniambia. Huyo ndiye kaka. Hata mkono ukiungua haombi kitu. Wifi yeye aliniangalia machoni, na wifi haangalii mtu bure.

Nikasema nitamwomba Meneja barua. Kaka akasema, "Ukiona vigumu, acha." Nilitamani anigombeze. Angenigombeza ningelala vizuri.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeomba. Nilisubiri nje ya zulia dakika arobaini.

Meneja kwanza alisahau kaka ni nani. "Aa, yule aliyekimbia," akasema. Nilimtazama vizuri. Hakuwa anaigiza! Amelisimulia mara nyingi mno, sasa analiamini. Ana hata huzuni kidogo usoni anapomkumbuka yule mhudumu mwoga.

Nikajifanya hamnazo. Nikasema tu kwamba amebadilika, ana familia, anahitaji barua nzuri. Ndugu yangu wa damu, nimesema amebadilika! Meneja akasema yeye si mtu wa kinyongo. Barua zote mbili zitaandaliwa, yangu ya usimamizi na ya kaka. "Tuone kwanza shughuli inavyokwenda."

Nikashukuru. Nilishukuru mara mbili.

Jumatano, 12 Machi

Mazoezi. Chumba cha zamani cha boila sasa ni stoo ya fomu (ile mpya ya umeme iko nyuma), kwa hiyo jukwaa limewekwa ukumbi wa kukunjia. Seremala katengeneza gurudumu la mbao, likapakwa rangi nyekundu. Dada Fomu kabandika mshale wa karatasi asije Meneja akasahau. Mshale unaelekea kushoto. Kuna na mashine ya kukodi ya kutoa moshi. Meneja akizungusha, moshi unatoka, sisi tunapiga makofi. Makofi nayo tumeyafanyia mazoezi, mara nne, kwa kuwa mara tatu za mwanzo hayakuwa na hisia.

Wa zamani tumebaki saba. Wapya ni sitini na kitu, wao wanaona gurudumu tu. Meneja alipolipeleka kushoto, Mlinzi alikohoa. Dereva akakohoa. Mama Mapacha akainama kufunga kamba ya kiatu, na leo amevaa ndala.

"Wewe utakohoa au utasema?" akaninong'oneza baadaye, tukiwa tunakunja.

Nikamweleza habari ya barua mbili. Akakunja mashuka matatu. Kisha akasema yeye ana mapacha chuoni, na kama si hivyo angesema mwenyewe. Nikamwambia najua. Ni sentensi ileile ya miaka tisa iliyopita, ila wakati ule mapacha walikuwa shule ya msingi.

Ijumaa, 14 Machi

Mambo! Dereva katoka kupeleka mashuka hospitali na habari: mgeni wa heshima kesho ni Injinia wa hospitali, mteja wetu mkubwa kuliko wote. Huyo huyo anayetafuta mtu wa boila. Fomu ya kaka iko mezani kwake, Dereva kaiona kwa macho yake, akaitambua picha.

Nimekaa na hili tangu asubuhi. Nimeunguza mashuka mawili, jambo ambalo sijalifanya tangu nianze.

Nikisema uongo wa Meneja: Injinia atasikia hadithi ya kushoto kutoka kwa dada wa mtu aliyeandika kulia. Kaka atakuwa mwongo, na mwoga juu yake, na barua nzuri ya Meneja haitamsafisha. Nikisema kweli: barua zote mbili zinachanwa, na pengine nami natoka getini, kwa kibali chenye sahihi. Na kama Injinia hataniamini? Mtu wa pasi dhidi ya Meneja mwenye feni mbili?

Kila mfanyakazi anaruhusiwa mgeni mmoja. Kwenye orodha ya Mlinzi nimeandika: kaka yangu. Sijui nimemwita aje kuona nini.

Jumamosi, 15 Machi

Saa nne kasoro. Nyuma ya pazia. Pazia ni mashuka sita ya hospitali yaliyoshonwa pamoja. Daftari nimelitoa kwenye mfuko wa aproni. Hotuba yangu aliyoiandika Dada Fomu iko kwenye mfuko mwingine. Nitasoma baada ya Meneja, ratiba imebadilishwa. Anataka kuanza yeye, wakati watu bado wana njaa na adabu.

Kaka amekuja. Mlinzi alisoma jina, akasimama wima, akamsalimia kwa kumshika mkono — ule wa kulia, taratibu. Ameketi safu ya nyuma kabisa, karibu na mlango. Shati la mikono mirefu. Wifi amelinyoosha vizuri kuliko mimi.

Saa nne na robo. Meneja anaongea. Ametia chumvi nyingine leo, eti alimbeba mwanamke mjamzito. Hakukuwa na mjamzito! Wasichana wapya wanafuta machozi. Ukutani nyuma yake vilele vyetu vimebandikwa na puto. NILIKETI kiko juu ya kichwa chake.

Sasa anashika gurudumu.

Saa nne na nusu. Siamini. Niandike upesi.

Alizungusha kushoto. Moshi ukatoka. Makofi, tena yenye hisia. Sisi saba hatukupiga. Halafu Injinia akanyoosha mkono kama mwanafunzi. Mtu mfupi, mpole, miwani imefungwa kwa uzi. Akaomba radhi kwa kukatiza. Akasema amevutiwa sana, ila ana swali la kifundi tu. Mezani kwake kuna maombi ya mtu anayedai kuwa ndiye aliyefungua koki hiyo hiyo, siku hiyo hiyo, na anaandika kwamba nyuzi zilikuwa za kinyume, ikifunguka kulia. Lazima mmoja amekosea. Na katika kazi ya boila, akasema, kosa kama hilo si dogo, kwa hiyo angependa kujua ni nani.

Meneja akacheka, kicheko chake cha ofisini, cha kwenye zulia. Akasema watu wana wivu. Akasema bahati nzuri shahidi tunaye, alikuwepo, atatueleza sasa hivi. Akageuka kwenye pazia na kuninyooshea mkono.

Mashine ya moshi ikafanya paa! Umeme ukakatika ukumbi mzima. Kipaza sauti kimya, feni kimya. Fundi yuko kwenye fyuzi. Watu wanajipepea kwa ratiba.

Mama Mapacha hajaketi.

Dada Fomu kaja nyuma hapa, jasho limeharibu wanja. Aliniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, ilikuwa upande gani kweli?" Nikamwambia. Msichana wa watu, yeye aliamini vilele vyote hivi, kila kimoja. Akatoka bila kuniambia niwe chanya.

Kisha Meneja mwenyewe. Hajawahi kusogea karibu nami hivi, ananukia manukato na moshi wa kukodi. Akaweka bahasha mbili juu ya rundo la mashuka. Akazifungua nizione. Usimamizi wa chumba cha pasi. Na ya kaka: mchapakazi, mwaminifu, ninampendekeza bila kusita. Maneno mazuri, ni kweli tupu, na yameandikwa na mtu asiyeyaamini hata moja! Zote hazina sahihi. Akanionyesha kalamu. Leo kalamu anayo.

"Kushoto, siyo?" akasema.

Sikujibu. Alidhani nimekubali, kwa sababu siku zote nikinyamaza huwa nimekubali. Akanipiga bega akatoka.

Naogopa. Niandike hivyo, naogopa kuliko siku ya mvuke, siku ile sikuwa na muda wa kuogopa. Kaka hajui kama nina barua yake hapa. Kama angejua angesema acha, mdogo wangu. Nimechoka kuambiwa acha.

Umeme umerudi. Kipaza sauti kinapiga mluzi. Wanamwita shahidi.

Nimechungulia kwenye upenyo wa mshono. Injinia amepanda jukwaani, ameketi kando ya gurudumu, ameubandua ule mshale wa karatasi na kuukunja vizuri, anasubiri. Meneja anatabasamu. Kiti cha karibu na mlango kiko wazi. Moyo umenishtuka, nikadhani kaka ameondoka. Hajaondoka. Anakuja mbele, anapita kati ya magoti ya watu, anaomba samahani kila hatua, anatafuta kiti cha karibu ambapo atanisikia vizuri. Hotuba ya Dada Fomu naiacha hapa juu ya bahasha, natoka.